Kidude Kisicho na Umeme Wake

9 Januari

Dada,

Ukifungua kifurushi hiki usianze kukitikisa ili usikie kama kuna kitu ndani. Nakujua. Kuna kidude cheusi, ukubwa wake kama kiberiti, na waya mfupi. Waya mrefu, mita mia mbili, unakuja na lori la mizigo.

Miaka miwili umenipigia kelele kwamba banda la inkubeta liko mbali na nyumba na huwezi kukaa humo siku nzima ukiikodolea macho mashine. Haya. Mashine yako ina tundu la data kwa nyuma, lile uliloliziba kwa kitambaa ukidhani panya wamelitoboa. Kila dakika mashine inatema maneno machache kupitia hapo: joto kiasi gani, unyevu kiasi gani, basi. Shida ni kwamba maneno hayo yanachoka njiani baada ya mita chache. Kidude changu kinayapokea, kinayageuza, kinayafikisha mpaka kwenye ile kompyuta kuukuu niliyokuachia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye akili. Hakina umeme wake. Hakina betri, hakina adapta. Najua banda lako lina soketi moja tu, na adapta tatu zimeshaungua humo. Hiki kinakula kwenye waya uleule wa data. Waya ukinyamaza si kwamba ni mtupu, kuna umeme kidogo umesimama humo. Kidude kinaudokoa, kinauweka kwenye kapasita, na mashine ikisema neno kinatumia akiba hiyo kulipeleka. Mezani kwangu kimefanya kazi wiki nzima bila kukohoa.

Bosi anataka kuwaonyesha wanunuzi mwezi wa sita. Wakikipenda, mimi ndiye mkuu wa karakana. Lakini kwanza anataka kijaribiwe kwenye vumbi na joto, na mtumiaji halisi aandike kimefanyaje. Basi dada, mtumiaji halisi ni wewe. Andika kizuri na kibaya, usinifiche kitu. Jina langu limekaa juu ya kidude hicho.

Mama hajambo, anakusalimu.

Mdogo wako,
Injinia


2 Februari

Injinia wangu,

Nilikitikisa. Hakikulia, nikaridhika.

Waya nimeupitisha juu ya uzio, nikauingiza nyumbani kwa dirisha la jikoni. Kompyuta nimeiweka juu ya meza ya cherehani. Nilipochomeka kidude nyuma ya inkubeta nilikimbia mpaka nyumbani kama mwehu, na kwenye kioo nikakuta: 37.6. Dakika moja baadaye, 37.6 tena, halafu 37.5. Nilikaa kitako nikacheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kutotolesha vifaranga nimefua nguo zote nikazianika bila kwenda bandani hata mara moja.

Nitakwambia jambo, usivimbe kichwa. Mwaka ule nilipoacha shule ili wewe uendelee, nilijiambia kwamba ipo siku utanitengenezea kitu kwa mikono yako. Nilisubiri miaka kumi na tisa. Kimekuja, na ni kizuri, na nilipokuwa nakitazama machozi yalinitoka. Nimekichora kwenye karatasi ya pili, na mdomo wake wa kulia umeme, umpe bosi wako aone mdogo wangu anaweza nini.

Mama mbona haandiki? Tangu Novemba sijaona hata mstari mmoja wa mkono wake, naletewa salamu zako tu. Mwambie hata asaini jina. Nataka kuja mwezi wa tatu, nikishauza kundi hili.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Barua yako niliisoma kwa sauti karakana nzima. Watu walishika mbavu. Ule mchoro wa kidude chenye mdomo na meno umebandikwa mlangoni, na fundi wa redio sasa kila akipita anaiga sauti yako: "Machozi yalinitoka." Bosi alisema mtumiaji wa namna hii hatufai, anatuandikia tenzi. Nikawaambia mvumilieni, Mama Vifaranga aliishia darasa la nane.

Nataka namba, dada, sitaki machozi. Kimekaa siku ngapi? Kimewahi kukatika? Hayo tu.

Kuja usije. Nyumba ni ndogo, mke wangu ana kazi nyingi, na nguo zako, usinune, zinabaki na harufu ya banda hata ukizifua. Mama yuko salama, ni uvivu tu wa kuandika. Ukija utamchosha kwa maneno.

Injinia


11 Machi

Mdogo wangu,

Naandika haraka kwa sababu ni jambo kubwa, na ulisema nisikufiche.

Jana feni ya inkubeta ilikufa. Niliondoka bandani asubuhi kila kitu kikiwa sawa. Nikawa nyumbani nashona magunia mbele ya kompyuta, na kioo kinasema 37.6. Mpaka saa nane mchana kilikuwa kinasema 37.6. Saa tisa niliingia bandani kuchukua mizani nikapigwa na hewa ya moto. Mashine ilikuwa inalia yenyewe mle ndani, taa nyekundu, joto 42. Mayai elfu nne na mia mbili, ya siku kumi na sita. Nilipasua ishirini. Yote yalikuwa yameshakuwa vifaranga, vina manyoya, vimekufa.

Nililia, samahani kwa machozi. Halafu nikachukua ile mita yako ya kupimia umeme uliyoisahau mwaka juzi. Nikafungua mlango wa inkubeta makusudi ili mashine ilalamike, nikapima kidude. Mambo yakiwa sawa, mashine inasema mara moja kwa dakika, kisha inanyamaza, na kidude kinapata nafasi ya kula. Lakini kukiwa na hatari haisemi mara moja. Inamwaga maneno mfululizo bila kupumzika. Waya haunyamazi, kidude hakipati cha kula, kinabaki kutumia akiba tu. Volti tano, nne, tatu. Sekunde kumi na mbili. Kompyuta ikaandika takataka mstari mmoja, ikaufuta, ikarudi kwenye namba ya mwisho nzuri iliyokuwa nayo, ikaganda hapo.

Kwa hiyo kidude chako kinasema vizuri sana pale ambapo hakuna la kusema. Siku ya kusema kweli kinanyamaza. Kipe adapta yake, hata ndogo, kitapona. Usimwonyeshe mtu yeyote kabla ya kurekebisha.

Dada yako

Nimeirudia kuisoma barua yako ya Februari. "Mama Vifaranga aliishia darasa la nane." Mlicheka wote, na mchoro wangu uko mlangoni. Hii siitumi. Acha kikunyamazie mbele ya wanunuzi, na fundi wa redio akuigize na wewe.


14 Machi

Injinia,

Ulitaka namba. Siku arobaini na tano. Hakijakatika hata mara moja. Vifaranga vimetoka vizuri.

Sitakuja.

Dada yako


3 Juni

Dada, dada, dada,

Nimepita! Wanunuzi walikuja saba. Nilikiweka mezani, mashine upande huu, kompyuta upande ule, wakatazama namba ikija kila dakika, nusu saa nzima. Mmoja alikigeuza akitafuta tundu la adapta, hakuliona, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Wanasema nchi nzima ina mashine kuukuu zenye tundu la data na vyumba visivyo na soketi.

Nimebakiza kitu kimoja. Wanataka ushuhuda ulioandikwa na kutiwa sahihi, kwamba kimefanya kazi miezi mitano bila kunyamaza. Niandikie mistari mitatu, bila mapambo. Na wala usidhani nakitegemea kwa mdomo tu. Hata mimi mwenyewe nimekiweka mahali pagumu kuliko banda lako, na nalala usingizi.

Kuhusu yale ya karakana, tulikuwa tunataniana. Una moyo mwepesi sana.

Mkuu wa karakana (karibuni)


19 Juni

Kwa anayehusika,

Nimetumia kifaa hiki kwenye inkubeta yangu tangu Januari. Kinajitegemea, hakihitaji soketi wala betri. Katika muda wote huo hakijanyamaza.

Mtumiaji, mtotoleshaji wa vifaranga


5 Agosti

Dada,

Kaa chini kwanza.

Mama hatunaye. Alifariki tarehe ishirini na sita Julai, tumeshamzika. Sikumpigia simu jirani yako kwa kuwa ungekuja na vilio vyako, na hapa palikuwa hapahitaji kilio cha ziada.

Alipigwa na kiharusi Novemba. Upande wa kulia wote ulikufa, na kuzungumza akawa hawezi. Sikukwambia, kwa sababu ungetaka kumchukua. Wewe ungemweka wapi, kati ya trei za mayai? Hapa nilimpa chumba cha uani, na mwezi wa tano nikampatia mashine ya kumsaidia kupumua, kuukuu lakini nzima. Inahesabu pumzi. Nikavuta waya mpaka sebuleni na kuweka kidude changu, ili mke wangu aone hesabu ya pumzi kwenye kompyuta akiwa anafanya kazi zake. Kengele ya mashine niliikata, ilikuwa inamshtua Mama na kunikera mimi. Ya nini, na kioo kipo?

Siku ile bomba la hewa lilichomoka. Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akipiga pasi, anavyosema yeye. Anaapa namba haikubadilika. Ni uongo. Alikuwa amelala, au alikuwa kibarazani na majirani. Kidude hakiwezi kunyamaza, nina sahihi yako.

Jumapili ya tarehe ishirini na tano kuna kikao na wazee wa pande zote mbili. Namrudisha kwao. Niandikie tena barua nyingine kama ile, kali zaidi, niisome kikaoni. Sema miezi saba sasa.

Mjomba naye anakusalimu.

Mdogo wako


9 Agosti

Wifi,

Pole kwa msiba. Sikujua kwamba hukuambiwa, nimejua juzi. Mimi kila wiki nilikuwa namuuliza, ananijibu kwamba wewe una kazi nyingi na umesema utakuja ukipata nafasi. Mama alikuwa anatazama mlango.

Sina anayenisikiliza hapa, ndiyo maana naandika kwako. Nilikuwa sebuleni napiga pasi mashuka yake. Kila shuka nikikunja nageuza shingo natazama kioo. Kumi na nane. Nilimaliza shuka la pili, kumi na nane. La tano, kumi na nane. Nilifurahi, wifi. Nilijisemea leo Mama anapumua vizuri, hata hatetereki. Nilipompelekea shuka alikuwa ameshapoa. Macho yalikuwa wazi, na mkono wake mzima, ule wa kushoto, ulikuwa umeshika kamba ya pazia ameivuta mpaka imekatika. Alikuwa anaita. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake.

Mume wangu anasema nilikuwa nimelala. Nimemwogesha Mama miezi minane, nimemlisha kwa kijiko, leo naitwa muuaji mbele ya watoto wangu. Nao wanabaki kwake, ameshasema.

Sikuulizi mengi. Wewe unacho kidude kama kile. Je, kimewahi kukunyamazia? Kama hakijawahi, basi huenda kweli mimi nililala na sijijui, maana sasa nimeanza kujitilia shaka mwenyewe. Kama kiliwahi, niandikie neno moja tu kabla ya tarehe ishirini na tano.

Wifi yako


16 Agosti

Mdogo wangu,

Mkeo hakulala.

Humu ndani utakuta barua ya tarehe kumi na moja Machi. Niliiandika siku ile, sikuituma, niliificha chini ya trei. Isome mpaka mwisho, pamoja na yale niliyoyaongeza chini. Nilijua tangu Machi. Nilitaka uaibike mbele ya watu saba, na watu wacheke. Nilidhani dunia nzima ya kidude chako ni ile meza ya bosi.

Ungeniambia kwamba Mama anaumwa, ningekuambia kila kitu siku ileile. Ningekuja na miguu yangu nikakichomoa. Ulinificha Mama, nikakuficha kasoro, naye akafia katikati yetu akivuta pazia. Sikuombi msamaha kwa sababu sina wa kukupa wewe, na wa kwangu sijui nimwombe nani.

Nakuomba kitu kimoja. Barua ya Machi isome kikaoni, mbele ya wazee, kwa sauti ileile uliyosomea machozi yangu karakana. Nitukane utakavyo. Lakini mwanamke yule abaki na watoto wake. Na kidude usikiuze hata kimoja bila adapta.

Wifi nimemwandikia neno moja, kama alivyoomba, nikamwambia kwamba maelezo yote atayapata kwako.

Dada yako


12 Septemba

Dada,

Barua yako ilifika kabla ya kikao. Ile ya Machi nimeichoma. Kikaoni nilisoma ule ushuhuda wa Juni, ulikuwa unatosha. Mke wangu alisimama na kale kakaratasi kako kenye neno "Kiliwahi". Wazee wakamuuliza, kiliwahi nini? Akasema kunyamaza, nikawaonyesha sahihi yako. Sasa yuko kwao.

Usiniandikie mambo ya haki. Nikisema kweli, nitakuwa nimemuua mama yangu kwa mkono wangu na kidude changu, na kwa kengele niliyoikata. Yeye akibebeshwa, ni mwanamke aliyepitiwa na usingizi. Hayo watu huyasahau. Nimepima, nikachagua. Wewe pia ulipima mwezi wa tatu, usijitie mtakatifu. Ukitaka kusema, sema, lakini sahihi ni yako na mwandiko ni wako.

Dawa yako ya adapta ni ya kweli, niliijaribu mezani. Lakini kikiwa na adapta kinakuwa kama vidude vingine vyote, na hakuna atakayekihitaji. Jana wanunuzi wamesaini. Mia tatu kwa kuanzia, vingi vinakwenda kwenye vyumba vya wagonjwa. Mimi ndiye mkuu wa karakana.

Kila boksi lina karatasi ya maelezo. Chini ya picha ya kidude wamechapisha maneno yako, yote, mpaka pale pa "hakijanyamaza". Walitaka waweke na jina, nikawaambia waandike tu "mtumiaji wa miaka mingi". Nimekutumia boksi la kwanza, lile la namba moja, uweke kwenye inkubeta ya pili.

Usikitikise.

Injinia